Kufungua poti kwenye modemu na ruta ya nyumbani: tafuta kwanza anwani ya umma imekaa wapi

kebo_samawati

Wakuu, habari za muda huu.

Nikipita kwenye mada za mitandao nakutana na swali lile lile kila mara: "Nimeweka kanuni ya poti, nimezima ruta na kuiwasha tena, bado haikubali." Majibu yanayofuata ni ya kupiga ramli. Badilisha poti. Zima faiwoli (kizuizi cha mawasiliano). Tafuta ruta nyingine. Mtu anakesha na hajui hata pakiti zake (vipande vya data) zinaishia wapi. Nimefungua uzi huu tulimalize jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu ukishajua njia ya pakiti, kanuni yenyewe inaandikwa kwa dakika chache.

Kwanza tuelewane kwa nini poti, yaani mlango wenye namba ambao huduma hupokelea pakiti, inahitaji kufunguliwa. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na IANA, taasisi inayosimamia ghala kuu la anwani hizo duniani, iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo nyumba nzima hupewa anwani moja ya umma, na simu, kompyuta, televisheni na kamera zote zinaitumia hiyo hiyo. Ndani ya nyumba ruta inagawa anwani za ndani: zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, au za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Hizo hazitembei kwenye intaneti. Mtu aliye nje akiandika 192.168.1.20 hafiki kwako, maana nyumba zisizohesabika zina anwani hiyo hiyo.

Kompyuta yako ikiita tovuti, ruta inaandika mstari kwenye jedwali lake: kifaa gani kimeita, kwa poti ipi, kimemwita nani. Kisha inaitoa pakiti nje kwa anwani ya umma. Jibu likirudi, inatazama jedwali na kulipeleka kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo NAT, yaani kutafsiri anwani za ndani kuwa ya umma. Shida inaanza pale mtu wa nje anapokuwa wa kwanza kuita. Pakiti inafika, ruta inatazama jedwali, haioni aliyeiomba, inaitupa. Kuelekeza poti maana yake ni kuandika mstari wa kudumu kwenye jedwali hilo kwa mkono wako: chochote kitakachoingia kwa poti 25565, kipelekwe 192.168.1.20.

Sasa shikeni hili, kwa sababu ndilo linalowatesa wengi: mstari huo unaandikwa kwenye kifaa chenye anwani ya umma. Ukiuandika kwenye kifaa kilicho nyuma yake peke yake, unatwanga maji kwenye kinu. Pakiti ilishatupwa mbele kabla haijakufikia.

Kwa hiyo kabla hujagusa ukurasa wa kanuni, ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta. Anwani yake ni ile inayoonekana mbele ya maneno "Default Gateway" ukiandika ipconfig kwenye Windows. Tafuta sehemu inayoonyesha hali ya mtandao, usome anwani ya upande wa WAN (upande wa ruta unaoelekea kwa mtoa huduma), uiandike pembeni. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya umma, VPN (njia ya siri inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) ikiwa imezimwa, ulinganishe.

Zikifanana, ruta yako ndiyo mwenye anwani. Endelea na kanuni.

Kama WAN inasoma 192.168, 10 au 172.16 hadi 172.31, mbele ya ruta yako kuna kifaa kingine kinachofanya NAT. Mara nyingi ni modemu uliyopewa na mtoa huduma, lakini inaweza pia kuwa mtambo wake mwenyewe.

Kama inaanza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, NAT iko kwa mtoa huduma. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa kazi hiyo. Hapo kanuni yoyote utakayoandika nyumbani haitafanya kitu, na ni vema ulijue hilo mapema kabla ya kupoteza usiku wako.

Weka hapa matokeo yako tuyatazame. Tafadhali ukiandika anwani ya umma, ficha namba mbili za mwisho.

---

kebo_samawati

Naongeza kwa wale ambao anwani zao zimefanana.

Kifaa kinachopokea lazima kiwe na anwani ya ndani isiyobadilika. Ukielekeza poti kwa 192.168.1.20, kesho ruta ikampa simu ya mtu anwani hiyo, kanuni yako inaipelekea simu. Napendelea kuifunga anwani kwenye ruta yenyewe, upande wa DHCP (sehemu inayogawa anwani za ndani), kwa kutumia namba ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa. Kifaa kinabaki kwenye mpangilio wa kawaida na ruta inakumbuka. Ukiandika anwani kwa mkono ndani ya kifaa, unaandika pia geti ya mtandao (anwani ya ruta inayotoa pakiti nje) na DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), na hapo ndipo makosa huingia bila kelele.

Ukurasa wa kanuni hauna jina moja. Kuna ruta zinauita "Port Forwarding", nyingine "Virtual Server", nyingine wameuficha ndani ya "NAT". Ukikuta "Port Triggering" pita, hiyo ni kazi nyingine. Utajaza poti ya nje, poti ya ndani, anwani ya kifaa na itifaki.

Itifaki, yaani namna pakiti zinavyobebwa, TCP au UDP, ndiyo inayowakamata watu. Seva ya Minecraft toleo la Java inasikiliza TCP 25565, lakini toleo la Bedrock linatumia UDP 19132. WireGuard, programu ya VPN, ni UDP, na poti yake iliyozoeleka ni 51820. Ukichagua TCP kwa kitu cha UDP, kanuni itaonekana nzuri kabisa kwenye skrini na hakuna kitakachopita.

Poti ya nje na ya ndani si lazima zifanane. Una vifaa viwili ambavyo vyote vinasikiliza 443? Mpe mmoja 8443 kwa nje, wa pili 8444, kila moja iende kwenye 443 ya kifaa chake. Kisichowezekana ni poti moja ya nje kwenda kwa vifaa viwili.

Na kompyuta yenyewe ina faiwoli yake. Kwenye Windows, mtandao wa nyumbani ukiwa umewekwa kama wa umma, mlango unabaki umefungwa hata ruta ikifanya kazi yake yote. Ruhusu ile programu au ile poti. Usiizime faiwoli nzima ukaisahau.

---

mlinda_kamera

Mkuu kebo_samawati, nakushukuru kwa maelezo. Mimi WAN ya ruta yangu inasoma 192.168.1.7. Modemu niliyopewa ina waifai yake, nikaona ni dhaifu, nikaweka ruta yangu nyuma yake kwa kebo. DVR ya kamera (kifaa kinachorekodi picha) iko kwenye ruta yangu, mtandao wa 192.168.0. Nimeweka kanuni kwenye ruta kama maelekezo ya DVR yanavyosema. Nikiwa nyumbani naona kamera zote, nikitoka sioni kitu.

---

kebo_samawati

Mkuu, una NAT mbili. Hilo la kamera kuonekana ukiwa nyumbani halitupi habari yoyote kuhusu poti, kwa sababu ukiwa ndani simu inaongea na DVR moja kwa moja.

Kabla ya yote hakikisha modemu nayo haiko nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Kwenye kompyuta andika tracert -d 8.8.8.8 uangalie mistari ya mwanzo. Wa kwanza utakuwa ruta yako, 192.168.0.1. Wa pili modemu, 192.168.1.1. Kama wa tatu ni anwani ya 10 au ya 100.64 kwenda juu, ingia kwenye modemu uthibitishe WAN yake ni ipi, maana watoa huduma wengine hutumia anwani za ndani kwenye mitambo yao hata kama wewe umepewa ya umma. Kinachoamua ni WAN ya modemu.

Ikiwa modemu ina anwani ya umma, una njia nne, na si sawa kwa ubora.

Iliyo safi zaidi ni kuigeuza modemu iwe daraja. Kwenye menyu huitwa "Bridge". Modemu inaacha kufanya NAT na waifai yake huwa inazimika, kazi yake inabaki kubadilisha ishara ya laini, na anwani ya umma inahamia kwenye WAN ya ruta yako. Ukitumia laini ya PPPoE (inayodai kuingia kwa jina na nywila), jina la mtumiaji na nywila ya laini vitahamia kwenye ruta pia, kwa hiyo vipate kwa mtoa huduma KABLA hujabonyeza. Ukivikosa, utakuwa huna intaneti ya kutafutia msaada. Modemu nyingine zimefungiwa sehemu hiyo na mtoa huduma. Mpigie umwombe akubadilishie kutoka kwake.

Ya pili ni kuigeuza ruta yako badala ya modemu. Iweke iwe kituo cha waifai tu, bila NAT wala DHCP. Vifaa vyote vinakuwa kwenye mtandao wa modemu, na kanuni moja inaandikwa kwenye modemu. Ni nzuri kama ruta uliiweka kwa ajili ya nguvu ya waifai tu, na kwa maelezo yako ndivyo ilivyo.

Ya tatu ni kile kinachoitwa "DMZ" kwenye modemu: unaiambia kila kinachoingia bila mwenyewe kipelekwe 192.168.1.7, yaani ruta yako. Faiwoli ya ruta bado iko kati, hivyo si hatari kama jina linavyotisha, mradi anwani hiyo iwe ya ruta. Usielekeze DMZ kwa kompyuta au DVR hata siku moja. Hapo umekiweka kifaa uchi mbele ya dunia, poti zote 65,535.

Ya nne ni kuandika kanuni mara mbili: modemu ipeleke poti kwa 192.168.1.7, ruta iipokee na kuipeleka kwa DVR. Inafanya kazi, na ndiyo kimbilio pale modemu inapokataa mengine yote. Lakini kila kanuni mpya utaiandika sehemu mbili.

Kwako ningeanza na ya kwanza.

---

seva_ya_watoto

Samahani ndugu zangu, mimi WAN yangu ni 100.81 na kitu. Nilitaka watoto wangu wacheze Minecraft na binamu zao walio mbali, kwenye kompyuta yetu. Kwa hiyo ndiyo basi tena?

---

kebo_samawati

Si basi, dada, ila njia ya poti ndiyo imeishia hapo. (Kama ni kaka uniwie radhi.) Hiyo 100.81 ni CGNAT: mtoa huduma ana anwani moja ya umma anayowagawia wateja wengi, na jedwali la NAT liko kwenye mtambo wake, mahali ambapo mkono wako haufiki.

Anza kwa kumwuliza kama anatoa anwani ya umma. Wengine hutoa ukiomba tu, wengine huitoza. Mwulize kwa maneno hayo hayo, "niko nyuma ya CGNAT, naomba anwani ya IPv4 ya umma", usiseme "fungua poti". Ukisema poti, atakayepokea simu atakuambia uwashe modemu upya.

Ikishindikana, geuza mwelekeo. NAT inazuia anayeita kutoka nje. Haizuii wewe kuita. Programu kama Tailscale hukaa kwenye kompyuta yako na kwenye kompyuta za binamu, kila moja inaita nje kwenye seva ya kukutanisha, halafu zinatafutana. Kwa mchezo wa ndugu wachache hii ni nzuri kuliko poti iliyo wazi, kwa sababu seva inaonekana kwao tu. Binamu wataandika anwani ambayo Tailscale imeipa kompyuta yako. Usishangae ukiona nayo inaanza na 100. Tailscale hutumia fungu lile lile la anwani.

Njia ya kujitegemea zaidi ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kompyuta yako ikaiita kwa WireGuard, na poti ikafunguliwa kule. Ukifika huko weka PersistentKeepalive ya sekunde 25 upande wa nyumbani. Bila hiyo, kukikaa kimya, mstari kwenye jedwali la mtoa huduma unafutwa na seva inashindwa kukufikia.

Pia angalia kama laini yako ina IPv6, mfumo mpya wa anwani. Huko hakuna haja ya NAT, kila kifaa kina anwani yake ya umma, na unachofanya ni kuruhusu poti kwenye faiwoli ya ruta. Sharti ni binamu nao wawe na IPv6.

---

nyundo_ya_mtandao

Naheshimu kazi ya mwanzisha uzi, lakini mimi sikubaliani na mwelekeo mzima. Tunawaelekeza watu kufungua poti za DVR! Vifaa hivyo vina programu za zamani zisizopata masasisho, na nywila ya kiwandani haijabadilishwa. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilienea kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na nywila za kiwandani kwenye kamera, DVR na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya aina hiyo viliishambulia kampuni ya Dyn iliyokuwa ikihudumia DNS, na Twitter, Netflix na nyingine nyingi hazikufikika kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo walikuwa watu wa kawaida walioweka kamera walinde nyumba zao. Tusirudie.

---

mgeni_wa_poti

Si mtu abadilishe tu poti? Mimi RDP yangu (huduma ya Windows ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali) niliitoa 3389 nikaiweka 50389. Nani ataijua?

---

kebo_samawati

nyundo_ya_mtandao, hapo nakuunga mkono, na nashukuru umelileta mapema.

mgeni_wa_poti, tafadhali ifunge hiyo leo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti moja inaweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45. Poti zote za anwani yako ni 65,535, na wanaozigonga hawachoki wala hawalali. Kubadilisha namba kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu za mfumo, lakini mlango ni ule ule na kufuli ni lile lile. RDP imewahi kuwa na tundu lililomruhusu mtu aingie bila nywila kabisa: BlueKeep, iliyotangazwa 2019, kwenye matoleo ya zamani ya Windows.

Msimamo wangu ni huu. Kitu cha kuhudumia watu usiowajua, kama seva ya mchezo au tovuti, kifungulie poti yake, kiweke kwenye kompyuta isiyo na nyaraka zako, na ukisasishe. Kitu chako mwenyewe, kamera, mafaili, kompyuta ya mezani, kisifunguliwe poti. Fungua moja tu, UDP 51820 ya WireGuard, upite humo kufikia vyote. WireGuard ina sifa moja ninayoipenda sana: pakiti isiyo na ufunguo sahihi haijibiwi kabisa. Anayegonga hajui hata kama kuna mlango. Ruta nyingi za sasa zinayo ndani yake. Isipokuwepo, kompyuta yoyote yenye Linux inayokaa imewaka inatosha, maana WireGuard imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020.

mlinda_kamera, kwa hiyo mpango wako unabadilika kidogo. Tumia zile zile hatua za NAT mbili, ila mwisho wake usifungue poti ya DVR. Fungua ya WireGuard.

Na wote, tazameni ukurasa wa UPnP kwenye ruta. UPnP inaruhusu kifaa chochote cha ndani kuiomba ruta ifungue poti, na ruta inafungua bila kukuuliza wala kudai nywila. Kuna DVR zinazofanya hivyo zenyewe mara tu zikiwashwa. Utakuta orodha ya poti zilizo wazi ambazo hukuziandika wewe. Izime, kisha ufungue kwa mkono unachohitaji.

---

mlinda_kamera

Wakuu, nimerudi. Modemu imekuwa daraja. Nilipata kwanza jina na nywila ya laini kama ulivyosema, na kweli nilizihitaji. WAN ya ruta sasa inafanana na anwani ya kwenye tovuti. Ruta yangu haina WireGuard, nimeiweka kwenye kompyuta ndogo ya Linux, 192.168.0.10, nikaelekeza UDP 51820 kwake. Nimejaribu tovuti ya kukagua poti, inasema imefungwa. Nimejaribu pia simu kwa waifai ya nyumbani nikitumia anwani ya umma, haiungi.

---

kebo_samawati

Hongera kwa daraja, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Majaribio yote mawili yaweke kando, yanadanganya.

Tovuti nyingi za kukagua poti hupima TCP. UDP hazipimi, na hata zingepima, WireGuard hunyamaza. Na kuita anwani yako ya umma ukiwa ndani kunahitaji ruta iweze kuirudisha pakiti ilikotoka. Ruta nyingi haziwezi. Zima waifai kwenye simu, tumia data, jaribu tena.

Ukishindwa, kaa mbele ya ile Linux na uandike:

sudo tcpdump -ni any udp port 51820

Iache ikitazama, kisha washa WireGuard kwenye simu ukiwa kwenye data. Ukiona mstari wenye anwani ya nje ukielekea 192.168.0.10.51820, poti inafanya kazi na ruta haina lawama tena. Tatizo litakuwa funguo au faiwoli ya Linux yenyewe. Skrini ikibaki tupu, pakiti inapotelea mbele, turudi kwenye kanuni. Chombo hiki kimoja kinamaliza mabishano yote.

---

mgeni_wa_poti

RDP nimeifunga, asanteni. Nina swali la seva ya tovuti ninayojifunzia, TCP 8080. Kanuni ipo, anwani zimefanana, nikipima kwa data ya simu inasema muunganisho umekataliwa mara moja, haisubiri hata kidogo.

---

kebo_samawati

Hiyo ni habari njema. Kukataliwa papo hapo na kusubiri hadi muda uishe ni dalili mbili tofauti. Ukisubiri mpaka muda uishe, kuna mahali pakiti inatupwa kimya kimya: faiwoli, NAT nyingine, au kanuni iliyokosewa anwani. Ukikataliwa mara moja, kuna mashine imeipokea pakiti na kujibu kwamba hakuna anayesikiliza poti hiyo.

Kwenye kompyuta andika netstat -an kama ni Windows, au ss -tln kama ni Linux, utafute 8080. Ukiona 127.0.0.1:8080, programu yako inajisikiliza yenyewe tu. Haipokei hata kutoka kompyuta ya chumba cha pili. Inatakiwa isome 0.0.0.0:8080 au anwani ya ndani ya kompyuta. Seva nyingi za kujifunzia huanza hivyo kwa makusudi, na ni makusudi mema. Ibadilishe kwenye mipangilio ya seva, siyo kwenye ruta.

---

mgeni_wa_poti

127.0.0.1 kweli! Nimebadilisha, imefunguka.

---

mlinda_kamera

tcpdump imeonyesha mistari inaingia NA kutoka. WireGuard imeunga kwa data ya simu. Nafika kwenye ukurasa wa Linux, nafika kwenye ukurasa wa ruta, lakini DVR haifunguki. Nikirudi waifai ya ndani inafunguka.

---

nyundo_ya_mtandao

Mkuu, angalia geti ya mtandao iliyoandikwa ndani ya DVR. Ukiwa ndani, simu na DVR ziko mtandao mmoja, geti haihitajiki. Ukija kwa WireGuard, simu yako ina anwani ya mtandao mwingine, mfano 10.8.0.2. DVR inapokea ombi, inataka kujibu, inatafuta geti. Ikiwa geti ni potofu, jibu linapotea.

Na kwenye ruta ongeza njia: mtandao wa 10.8.0.0/24 upitie 192.168.0.10. La sivyo ruta nayo haitajua pa kuyapeleka majibu.

---

mlinda_kamera

Mkuu umelenga. DVR niliiandikia anwani kwa mkono zamani, geti yake inasoma 192.168.1.1, ile ya modemu kabla sijaweka ruta. Nimeiweka 192.168.0.1. Ile njia nilikuwa nimeshaiandika, ndiyo maana ruta ilikuwa inajibu. Kamera zote zinaonekana. Na orodha ya UPnP niliyoikuta ilikuwa na poti tatu za DVR ambazo sikuwahi kuziandika, nimezima.

Swali la mwisho. Anwani ya umma ikibadilika nitajuaje?

---

kebo_samawati

Safi sana, mkuu. Hutahitaji kujua, tumia DDNS. Unachukua jina kwa mtoa huduma wa DDNS, programu ndogo nyumbani inalisasisha kila anwani inapobadilika, na kwenye simu unaandika jina badala ya namba.

Angalia programu hiyo inaisomaje anwani. Zilizo ndani ya ruta nyingi husoma WAN yao wenyewe, kwa hiyo kwako ni sawa sasa hivi kwa vile modemu ni daraja. Lakini siku mtoa huduma akibadilisha modemu na ikaja mpya ikiwa na NAT, jina litaanza kuelekeza 192.168. Ukipenda usalama zaidi, iweke kwenye ile Linux na uchague njia ya kuuliza seva ya nje anwani ni ipi. WireGuard kwenye simu nayo hulitafsiri jina pale tu unapoiwasha, hivyo anwani ikibadilika katikati, izime na kuiwasha, itaunga.